Mwanao ameshika dini ghafla na una wasiwasi? Soma haya kabla hujamgombeza

Nawaandikia wazazi wenzangu, na makaka na madada wakubwa, na kina mjomba na ami na khalati, hasa wa huku kwetu Mombasa, kuanzia Majengo mpaka Kisauni mpaka Likoni ng'ambo. Swali naloulizwa sana na kina mama ni hili, mwanangu amebadilika, anaamka usiku kuswali, muziki hataki, harusi ya dadake hakuja, nifanyeje? Na kuna swali jingine naulizwa na majirani Wakristo, hawa huuliza kwa sauti ya chini, ati kwani ni dini ndiyo inawafanya vijana waende kuua watu? Kwangu mimi maswali haya ni mamoja, manake ukikosea jibu la hili la pili utakosea cha kufanya kwenye lile la kwanza, na nshaona nyumba zikivunjika kwa hilo. Kwa hivo naanza na la pili na nakuomba usiliruke hata kama una haraka.

Dini inaingia wapi

Kuna watu wawili hawatakusaidia. Mmoja anasema ni dini tu, mtu akizidi kuswali lazima ataishia huko. Huyo mwambie asimame nje ya msikiti wowote wa Bondeni saa ya alfajiri ahesabu wanaotoka, alafu amuonyeshe yule gaidi ni nani kati yao. Mwengine anasema haya mambo hayahusiani na dini hata kidogo, na huyu namuelewa, anatetea heshima yetu, lakini hasemi kweli yote. Wapiganaji wa al-Shabaab, lile kundi la Somalia, waliovamia chuo kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi, walikuwa wakitenganisha Waislamu na Wakristo. Walitumia dini yetu kuchagua nani afe, sasa tukisema dini haikutajwa kijana anatuona waongo na akituona waongo ataenda kutafuta jibu kwengine.

Ukweli uko katikati na umepimwa. Shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilikaa na watu waliowahi kuwa ndani ya makundi haya katika nchi kadhaa za Afrika, likawauliza wenyewe. Kwenye ripoti ya 2023, kati ya walioingia kwa hiari yao asilimia 25 walisema sababu kubwa ilikuwa kutafuta kazi, waliosema dini ni asilimia 17. Asilimia 48 walisema kuna jambo lililotokea ndilo lililowasukuma, na wengi katika hao, asilimia 71, walitaja kuvunjiwa haki, mara nyingi na askari wa serikali. Na ripoti ya kabla ya hiyo, ya 2017, ina kitu kila mzazi wa madrasa anafaa akijue, asilimia 57 walikiri kwamba maandiko ya dini wanayaelewa kidogo au hawayaelewi kabisa, na aliyesoma dini angalau miaka 6 uwezekano wake wa kujiunga unapungua kwa hadi asilimia 32. Soma tena hapo. Chuo, yaani madrasa, kinapunguza! Kwa hivo yule baba aliyemtoa mtoto madrasa kwa hofu asije akawa Shabaab, amemuondolea kinga.

Mimi naona vitu vitatu vinakutana. Kwanza uchungu, wa kweli au wa kusimuliwa. Pili watu wa kumpokea, wanaomwambia wewe ni ndugu yetu wakati nyumbani anaitwa mzembe. Tatu mafundisho yanayomwambia kwamba kuua ni ibada. Dini inaingia hapa pa tatu, ndiyo inayompa ruhusa ya kufanya ambalo moyo wake ungelikataa. Uchungu peke yake hauui mtu, Pwani hii imejaa watu wenye uchungu wa mashamba, wa vitambulisho, wa kukaa na cheti cha diploma miaka bila kazi, na asubuhi wanaamka wanaenda kuuza viazi karai au kuendesha tuktuk. Na hivi vitatu vinategemeana, ukikata kimoja tu mara nyingi mambo yanasimama, huna haja ya kushinda vita vyote kwa pamoja.

Na asikudanganye mtu kwamba hili ni la Waislamu pekee. Aprili 2023 hapo Shakahola, Kilifi, si mbali na sisi, msitu ulianza kufukuliwa na zikatolewa maiti zaidi ya 400, watu waliokuwa wakimfuata mhubiri Paul Mackenzie na kuambiwa wafunge mpaka wafe ndio wamuone Yesu. Watoto walikuwemo. Kesi ikaletwa huku Mombasa, na mashtaka ya ugaidi yakiwemo. Angalia njia waliyopitishwa, shule ni ya shetani, hospitali ni ya shetani, jamaa wasioamini waacheni, msikilizeni huyu mmoja tu. Hakuna bunduki hapo, hakuna jihadi, lakini mtego ni ule ule, kumkata mtu na kila sauti isipokuwa moja. Ukilishika hili la kukatwa na watu, nusu ya kazi ushaimaliza.

Yasiyokuwa dalili, na yaliyo dalili

Ndevu si dalili. Suruali juu ya kifundo si dalili, niqabu si dalili, kutosalimia wanawake kwa mkono si dalili, kukataa kwenda maulidi si dalili. Ugomvi wa maulidi na bid'a, yaani uzushi kwenye dini, uko Mombasa tangu babu zetu. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akikemea mambo ya bid'a kwenye gazeti lake la al-Islah mwaka 1932, wako waliomkasirikia, lakini kalamu ilijibiwa kwa kalamu, na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kijana akikwambia khitma ya maiti haimo kwenye Sunna, hiyo ni mas'ala ya kielimu, mjibu kwa elimu au mnyamazie. Ukimuita Shabaab kwa sababu ya hilo unamfundisha kwamba watu wa kawaida wote ni maadui wa dini yake, na hiyo ni kazi ya wale jamaa, wewe unawafanyia bure.

Sasa dalili zinazonishtua mimi. Usiri ni wa kwanza. Kijana aliyeshika dini kwa heri hutaka na wewe usikie, atakuchosha kwa mawaidha, atakutumia klipu asubuhi na jioni. Yule anayevutwa ananyamaza. Msikiti wa mtaa anauacha, darsa anakwenda nyumbani kwa mtu, ukimuuliza maalim ni nani anasema ni sheikh mmoja hivi. Ana simu ya pili. Marafiki wa zamani, hata wale wacha Mungu, wote amewakata.

Halafu kuna kukufurisha watu. Anasema imamu ni wa serikali, babake ni mnafiki kwa sababu anafanya kazi kaunti, nyama aliyochinja mjomba hali. Mtu akishaanza kuwatoa watu kwenye Uislamu mmoja mmoja, kuna mahali anaelekea, manake kabla ya kumwaga damu lazima kwanza uione damu ile haina heshima. Nami hushangaa watu wanaposema hawa wanatetea Waislamu, wakati bomu la Mogadishu la tarehe 14 Oktoba 2017 liliua mamia ya watu, karibu wote Waislamu, na huku kwetu Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa baraza la maimamu na wahubiri, aliyekuwa akipinga wazi vijana kutiwa misimamo hii, alipigwa risasi akafa Juni 2014 huko Likoni.

Nyingine ni za mtu anayejiandaa kuondoka, anauza vitu vyake, analipa madeni madogo madogo, anaomba radhi kwa watu bila sababu, anataka pasipoti kwa haraka, kuna kazi amepata mahali lakini hana barua wala jina la kampuni na nauli imelipwa na mtu asiyemjua vizuri. Hii ya kazi iangalieni sana kwa wasichana, wako waliotoka Pwani hapa wakiahidiwa kazi nzuri wakajikuta wamefikishwa Somalia kwa nguvu. Na wengine wanaochukuliwa hawaswali hata, ni vijana wa maskani, wa muguka, wa magenge, wanaoahidiwa pesa tu, kwa hivo ukilinda wenye ndevu peke yao umelinda mlango mmoja.

Dalili moja pekee si ushahidi. Kijana anaweza kuwa kimya kwa sababu ameachwa na mchumba. Angalia zinavyokusanyika, na angalia kama kuna tukio, rafiki aliuawa? kaka alishikwa? alipigwa na polisi mbele za watu? Kama kuna tukio anzia hapo, usianzie kwenye ndevu.

Namna ya kuongea naye

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Baba anasubiri mpaka hasira imjae alafu anamwangushia yote mbele ya wadogo zake, anachukua simu anaivunja, anachoma vitabu, au anamuita sheikh nyumbani ghafla, kijana akiingia anakuta kikao kama cha mahakama. Akitoka hapo keshaamini kila alichoambiwa na wale, kwamba familia yako itakupinga na hiyo ndiyo alama ya kuwa uko kwenye haki.

Sisi tuna mfano wetu wenyewe na ni wa miaka zaidi ya 1,300. Baada ya vita vya Siffin mwaka 657 maelfu ya watu walijitenga na Sayyidna Ali, khalifa wa nne, wakapiga kambi mahali paitwapo Harura, hao ndio Khawariji. Walikuwa wakisema Ali amekufuru. Ibn Abbas, mwanachuoni na binamu wa Mtume, akamuomba Ali ruhusa aende akaseme nao. Akavaa nguo nzuri ya Yemen akaingia kambini kwao mchana wakiwa wamepumzika, na anavyosimulia mwenyewe, hakuona walevi wala wahuni, aliona watu ambao vipaji vyao vina makovu ya kusujudu na mikono yao imekakamaa kama magoti ya ngamia. Ibada ilikuwa tele. Wakaanza kwa kumkosoa nguo! Akawajibu kwa upole kwamba amemuona Mtume akivaa nguo nzuri kabisa, basi, hakubishana sana hapo. Kisha akauliza, nini mnachomlaumu Ali? Wakasema mambo matatu. Akauliza, kuna jingine? Wakasema hapana. Ndipo akaanza kujibu, moja baada ya moja, kutoka kwenye Qur'ani wanayoikubali wao. Mojawapo, walisema Ali amewapa watu hukumu na hukumu ni ya Mungu peke yake, akawasomea aya inayowaweka watu wawili waadilifu kuhukumu juu ya mnyama aliyewindwa kwenye ihramu ya hija, na ile inayoweka waamuzi baina ya mume na mke, akawauliza damu za Waislamu na sungura kipi kina haki zaidi ya kuamuliwa? Na kila akimaliza jambo alikuwa akiwauliza, nimetoka kwenye hili? Wakisema ndiyo anaenda kwenye linalofuata. Maelfu walirudi naye siku hiyo. Waliobaki, mmoja wao, Ibn Muljam, ndiye aliyekuja kumuua Sayyidna Ali msikitini Kufa mwaka 661.

Chukua kutoka hapo vitu vitatu uvitumie nyumbani kwako. Alikwenda yeye kwao, hakuwaita. Aliwaacha waseme yote na akauliza kama kuna jingine, hakukatiza. Na alijibu jambo moja mpaka likakubaliwa ndio akaenda la pili, si kama sisi tunavyorukaruka kutoka siasa ya Marekani mpaka ndevu mpaka mbona hukumsalimia nyanya yako. Tena kilichowarudisha wale ni elimu, kusujudu walikuwa nako kuliko sisi wote.

Kwa vitendo ni hivi. Chagua anayefaa kuongea, na pengine si wewe. Kuna vijana wanamsikiza mjomba kuliko baba, kuna wanaomsikiza bibi. Chagua wakati usio wa ugomvi, baada ya Isha, au mkiwa mnatembea Lighthouse, watu wakitembea upande kwa upande husema zaidi kuliko wakikaa uso kwa uso. Anza na uchungu wake. Nilikuwepo mjomba mmoja alipoongea na mtoto wa dadake Kisauni, na mazungumzo yalianza hivi, naandika kama nilivyosikia,

"Mwanangu, babako hajui nimekuja. Nambie wewe, nini kinakukera?"
"Mjomba wewe hutaelewa."
"Pengine sielewi. Nambie hata hivo."
"Wanatuua mjomba. Wanaingia misikitini na viatu. Na nyinyi mnakaa barazani mnakunywa kahawa."
"Hapo kwa viatu ni kweli. Mimi pia iliniuma. Enhe, nini jingine?"

Ona alichofanya, hakusema usiseme hivo watu watasikia. Alikubali lililo kweli. Na liko lililo kweli, tusijifanye. Sheikh Aboud Rogo, mhubiri aliyeshutumiwa kuwavuta vijana kwa al-Shabaab, alipigwa risasi Agosti 2012 akiwa ndani ya gari na familia yake, mji ukawaka moto kwa siku kadhaa na makanisa yakavamiwa. Februari 2014 polisi waliingia Masjid Musa, Majengo, wakashika zaidi ya watu 100, wengine watoto. Aprili mwaka huo mhubiri mwengine wa aina hiyo, Sheikh Abubakar Shariff aliyeitwa Makaburi, akauawa barabarani. Unaweza kuyapinga mafundisho ya hao wawili, mimi nayapinga kabisa, na bado useme mtu hauawi bila mahakama. Ukiyasema yote mawili kwa pamoja kijana anashtuka, kwa sababu ameambiwa hakuna Muislamu anayeyasema yote mawili. Na umkumbushe na upande wa pili, Machi 2014 watu waliingia kanisa la Likoni wakafyatua risasi, wakafa watu 6, na kitoto kidogo kikabaki na risasi kichwani, mamake ameuawa. Muulize tu, wale walikuwa wamemkosea nani? Ukishauliza nyamaza. Muache akae na swali.

Kwenye maandiko, kama hujasoma usijitie. Kuna machache kila mzazi anaweza kuyashika. Suratul Maida aya ya 32, atakayeua nafsi moja bila ya haki ni kama ameua watu wote. Suratun Nisaa aya ya 94, inayokataza kumwambia anayekusalimia kuwa wewe si muumini, hii ndiyo dawa ya kukufurisha watu. Wasia wa Abu Bakr kwa jemadari wake, upo kwenye Muwatta ya Imam Malik, usiue mwanamke wala mtoto wala mzee, usikate mti wenye matunda. Na kina mama, nawaombeni msiisahau hadithi ya yule mtu aliyekuja kwa Mtume kuomba ruhusa ya kwenda jihadi, Mtume akamuuliza, wazazi wako wako hai? Akasema ndiyo. Akamwambia, basi jihadi yako iwe kwao. Imo kwenye Bukhari na Muslim. Wale wanaowaambia vijana waondoke bila kuaga wanaijua hadithi hii, ndiyo maana wanawaambia wasiage.

Zaidi ya hapo tafuta aliyesoma. Na hapa nina maoni yangu, usimpelekee sheikh anayemuona ni wa serikali au laini, mpelekee yule mkali wa dini, mwenye ndevu ndefu kuliko zake, anayekemea bid'a kila Ijumaa na anayepinga umwagaji damu kwa nguvu hiyo hiyo. Wako Mombasa na ni wengi. Kwa huyo hatopata pa kusema kwamba umelegeza dini.

Na umuonyeshe ushujaa wa aina nyingine, kijana anatafuta ushujaa, hilo halina kosa. Disemba 2015 basi lilisimamishwa karibu na Mandera, wenye bunduki wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo, Waislamu wakakataa, wakawaambia mtuue sote au mtuache sote. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa naibu wa mwalimu mkuu, alipigwa risasi hapo na mwezi uliofuata akafariki kwa majeraha. Huyo ni Muislamu aliyekufa akimkinga asiyekuwa Muislamu, mtajie jina lake.

Simu

Fupi tu. Usimpokonye, atanunua nyengine Mwembe Tayari kwa bei ya kutupa na hutaiona. Kaeni pamoja mtazame, akikuletea klipu muulize maswali ya kawaida ya kichuo, huyu anayezungumza ni nani, amesoma wapi, maalim wake ni nani, na hii khutba ni ya dakika mbili au imekatwa? Dini yetu ni ya isnadi, yaani kujua nani amepokea kwa nani, hatupokei kwa mtu asiyejulikana hata kama sauti yake inatoa machozi. Hatari kubwa si klipu yenyewe, ni pale mtu asiyemjua anapomuingilia inboksi, anamsifu, alafu anamhamisha kwenye grupu la siri ambalo meseji zinajifuta. Mfundishe hilo kabla halijatokea, kama unavyomfundisha asipande gari la mtu asiyemjua.

Na akiwa hana kazi, mtafutie kitu cha kufanya hata kiwe kidogo, afungue duka na mjomba, asomeshe watoto wadogo chuoni jioni. Ile ya kusomesha nimeiona ikifanya kazi vizuri sana, kijana aliyekuwa akitafuta umuhimu anakuwa maalim, watoto wanamuamkia njiani, na yeye mwenyewe inabidi arudi kusoma.

Ikiwa imefika mbali

Ukisikia mpango wa kudhuru watu, yaani siku au mahali au silaha, hapo hakuna kuongea tena wala kungoja mjomba atoke safari. Ripoti siku hiyo hiyo. Najua hofu ya mama, ukimripoti unadhani humuoni tena, na hofu hiyo haikutoka hewani. Lakini kuna damu za watu wengine na za mwanao pia.

Kama hakuna mpango ila kijana amepotea au amerudi kutoka huko, usiende kituoni peke yako na usimpeleke peke yake. Nenda na wakili na mzee anayejulikana mtaani. Hapa Mombasa kuna mashirika ya haki za binadamu, MUHURI na HAKI Africa, wamekuwa wakisimama na familia za aina hii kwa miaka, hata 2015 serikali ilipowafungia akaunti kwa kuwahusisha na ugaidi walienda mahakamani na wakasafishwa. Unaporipoti hakikisha imeandikwa OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, chukua namba, andika jina la askari na saa, weka nakala kwa mtu mwengine wa familia. Akishikwa, kifungu cha 49 cha katiba kinasema afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa saa hizo zimeangukia wikendi au sikukuu, ana haki ya kunyamaza na haki ya wakili. Kwenye kesi za ugaidi polisi wanaweza kuomba mahakama iwape muda zaidi wa kumshikilia, kwa hivo wakili awepo siku ile ya kwanza kabisa, si wiki ya pili baada ya harambee.

Wanaorudi wako kwenye shida pande mbili, wanawahofu polisi na wanawahofu wale waliowakimbia. Baada ya Garissa serikali ilitangaza msamaha kwa watakaojisalimisha, wengine walijitokeza na wengine hawakuamini. Ukiwa na mtu kama huyo nyumbani anahitaji wakili, anahitaji daktari wa mambo ya akili, na anahitaji sheikh, vyote vitatu, watu wetu huwa wanaleta sheikh peke yake wakadhani yamekwisha.

Na majirani, hili ni lenu. Familia ikishatajwa, watu wanaacha kwenda kwao, hata mahamri ya mamake hayanunuliwi tena, chuoni watoto wengine wanaambiwa wasikae na mdogo wake. Yule mdogo wake ndiye mwenye uchungu sasa, na mtu wa kumpokea atapatikana tu, kama si nyinyi ni wale. Nunueni mahamri ya mamake. Mwacheni mtoto akae pale anapokaa siku zote, na Ijumaa mmoja wenu ampitie waende msikitini pamoja.